Loki za umeme kwenye gari la zamani: namna ya kuzikinga zisiungue

Saketi ya loki za milango imetengenezwa ifanye kazi nusu sekunde, ikizidi sana sekunde moja. Unabonyeza, tak, milango imefunga, umeme umekata, basi. Ukishaielewa hiyo nusu sekunde umeelewa karibu kila kitu kuhusu kwa nini hizi loki zinaungua, kwa sababu mara nyingi kinachoziua sio umeme mkubwa, ni umeme uleule wa kawaida uliokaa kwenye koili (ule waya uliozungushwa ndani ya loki) muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

Piga hesabu kidogo. Tuseme umepima koili ya solenoidi, ile sumaku ya umeme inayovuta loki, ya mlango mmoja ukakuta omu 1. Betri ya volti 12 inasukuma ampea 12 hapo, yaani wati 144 ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Kwa nusu sekunde haina neno, koili haiwahi hata kupata moto. Sasa swichi ikigoma kurudi, au mtu kaiegemea bila kujua, zile wati 144 zinabaki humo humo, vanishi ya waya wa koili inaanza kuyeyuka, mizunguko inagusana, omu zinashuka, umeme unaongezeka tena, moshi huo. Na milango ikiwa 4 ujue ni ampea 48 kwa mkupuo.

Wengi wanasema ah, si kuna fyuzi. Fyuzi ipo, ila cheki vizuri inalinda nini. Ukiwa na fyuzi ya ampea 30 na koili moja iliyokwama inavuta ampea 12, hiyo fyuzi itakaa hapo inaangalia tu mpaka koili iwe mkaa. Fyuzi inalinda waya usishike moto, haijawekwa kulinda koili wala mota. Kwa hiyo ukitaka kinga ya kweli inabidi ufanye vitu vitatu: upunguze muda wa umeme kukaa, upunguze ugumu ambao mota inapambana nao, na uhakikishe waya haziwezi kupiga shoti njiani. Mengine yote ni matawi ya hayo.

Anza kwa kujua una nini mlangoni. Loki za umeme sio kitu cha juzi, Packard walikuwa nazo tangu 1956, na kila kampuni ikaja na mtindo wake. Zipo zenye solenoidi ya koili mbili, waya mmoja wa kufunga na mmoja wa kufungua, alafu ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari) inapita kwenye bodi ya solenoidi yenyewe kupitia boliti zake. Zipo za kugeuza umeme, ambapo waya mbili zinaenda kwenye mota na zote mbili zikiwa zimepumzika ziko kwenye ethi kupitia swichi, ukibonyeza kufunga waya mmoja unapata chanya na mwingine unabaki ethi, ukibonyeza kufungua inakuwa kinyume. Na zipo Mercedes za miaka ya 70 na 80 ambazo milango inavutwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa, hapo mlangoni hamna koili ya kuungua, tatizo lako ni mipira inayovuja, na kwenye zile zenye pampu ya umeme ni pampu kuzunguka muda mrefu kwa sababu ya huo uvujaji. Hiyo ni habari nyingine, hapa naongelea solenoidi na mota.

Kujua una aina ipi chomoa soketi ya mlango, weka mita kwenye omu, gusa kila waya na bodi ya gari upande unaotoka kwenye swichi, bila kubonyeza kitu. Zote mbili zikisoma karibu na sifuri hiyo ni ya kugeuza umeme. Zisiposoma kitu kabisa, na ukibonyeza unapata volti 12 kwenye waya mmoja tu huku mwingine haujaenda ethi, hiyo ni ya koili mbili. Usiruke hatua hii, maana hapa ndo alarm za kufunga baadaye zinapochoma waya za watu: mtu anachukua waya wa chanya wa alarm anaugongea kwenye waya ambao umepumzika kwenye ethi, akibonyeza rimoti ni shoti moja kwa moja, na kwa kuwa waya za ndani ya dashibodi zimefungwa pamoja moja ikiyeyuka inaondoka na wenzake.

Pia jua gari lako ni volti 6 au 12, na ethi yake iko hasi au chanya. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yana ethi chanya, na daiodi (kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ama moduli ya kisasa ukiifunga kama gari la kawaida inakufa papo hapo.

Kabla ya kushika chochote zima gari, toa terminali ya betri, ile ya upande wa ethi. Na sio gari ikiwa inaunguruma! Ukichomoa betri huku alteneta inachaji volti zinaruka juu ghafla sana na chochote chenye elektroniki kwenye hiyo saketi kinaweza kuondoka.

Sasa fungua paneli ya mlango. Watu wanapenda kukimbilia rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) na fyuzi, mimi nakwambia anza na chuma. Chomoa kile kifimbo kinachounganisha mota na loki, alafu kisukume kwa kidole. Kinatakiwa kitembee mwanzo mwisho kwa ulaini na kiwe na ile klik safi mwishoni. Kama unasikia kinakwaruza, au kinasimama katikati kinakusubiri uongeze nguvu, basi mota yako kila siku ilikuwa inapambana na hicho kitu, na mota ikizuiwa kuzunguka ndo inavuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Unakuta grisi ya kiwandani imegeuka kuwa kama nta ya kahawia, imechanganyika na vumbi, imeganda kwenye kona za loki. Isafishe yote kwa dawa ya kusafishia breki na brashi ya meno, acha ikauke, alafu paka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo tu kwenye sehemu zinazosuguana. Tundu la ufunguo lenyewe usilipake grisi, weka unga wa grafaiti. Angalia na vile vishikizo vya plastiki vya kifimbo, vikichakaa kifimbo kinakaa upande na kuanza kukwama. Wakati paneli iko nje angalia matundu ya maji chini ya mlango kama yamezibwa, na lile karatasi la nailoni nyuma ya paneli kama lipo, maana wengi wakishalichana hawalirudishi, na bila hilo maji yanayoteremka na kioo yanarukia soketi na paneli.

Ukimaliza hapo nenda kwenye kona ya mlango, pale waya zinapotoka kwenye bodi kuingia mlangoni kupitia ule mpira wenye mikunjo. Hapa ndo pabaya kuliko pote kwenye saketi nzima. Kila ukifungua mlango waya zinakunjwa, na gari la miaka 40 au 50 mlango wake umeshafunguliwa mara nyingi sana. Ganda la waya la zamani linakauka, linakuwa gumu, linapasuka kwa ndani ya mkunjo ambapo huoni. Vuta mpira utoke upande wa bodi, usogeze nyuma, alafu kunja waya mmoja mmoja kwa vidole polepole. Waya mzima unapinda kama duara, waya uliokatika ndani unapinda kama kiwiko, unavunjika pembe pale pale shaba ilipokatika hata kama ganda bado linaonekana zima. Ukikata hapo utakuta shaba imekuwa ya kijani au nyeusi na imebaki nyuzi mbili tatu. Nyuzi hizo mbili tatu zinapitisha umeme wa kutosha kuonyesha volti 12 kwenye mita, ila mota ikivuta hazitoshi, zinapata joto, na ganda lililopasuka likigusa bodi unayo shoti.

Usiunge katikati ya mkunjo. Kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa pande zote mbili, weka kipande kipya cha waya wenye nyuzi nyembamba nyingi, ule laini, kirefu kiasi kwamba viungo vyote viwili viwe nje ya sehemu inayokunjika, kimoja ndani ya mlango kimoja ndani ya bodi. Kiungo kibane vizuri kwa koleo lake, au piga lehemu, alafu vika ule mpira unaobana kwa moto. Ila lehemu inafanya waya uwe mgumu pale mwisho wake, kwa hiyo kifunge kiungo kisitikisike. Tepu nyeusi peke yake usiiamini, joto la mlango uliokaa juani linaiyeyusha gundi inabaki inaning'inia. Na ule mpira ukiwa umechanika tafuta mwingine, bila mpira makali ya bati yanakata waya kimoja baada ya kingine.

Haya, fyuzi. Gari nyingi za Marekani za zamani kwenye loki hazina fyuzi, zina kikatizi cha bimetali, kale kadude kanakokata kakipata joto alafu kakipoa kanarudisha chenyewe. Kwa matumizi ya kawaida kako poa, shida yake ni pale kuna shoti ya kudumu: kanakata, kanapoa, kanarudisha, kanakata, usiku kucha, na kila kikirudisha waya unapata dozi nyingine ya moto. Ukisikia tik... tik... tik... chini ya dashibodi gari likiwa limezimwa, usilale, chomoa betri. Kikatizi kama hicho kikiwa kizee pia kinaanza kukata mapema au hakikati kabisa, kibadilishe kwa chenye ampea zilezile.

Kwenye gari za Ulaya utakuta zile fyuzi za kauri zenye ncha mbili, nyeupe ampea 8, nyekundu ampea 16. Ncha zake zinapata kutu na vibanio vinalegea, fyuzi inapata moto bila kukatika, mpaka plastiki ya boksi inayeyuka. Zungusha kila fyuzi kwa kidole, kwaruza vibanio kwa msasa laini, ukiona kibanio hakina springi kibane kidogo. Na kwa wenye magari ya Uingereza, hii ni muhimu: fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 maana yake inakatika kwenye ampea 35, umeme inaouweza muda wote ni kama 17 tu. Ukienda kununua fyuzi ya kawaida iliyoandikwa 35 ukaiweka hapo umepandisha kiwango cha fyuzi mara mbili, waya utaungua kabla ya fyuzi.

Saizi ya fyuzi inafuata waya, haifuati mota. Waya wa milimita za mraba 1.5 usiupe zaidi ya ampea 15, wa 2.5 ampea 20, wa 4 ampea 30. Usiogope kwamba mota zote zikivuta kwa pamoja zitapita kiwango cha fyuzi, fyuzi ya bapa haikatiki papo hapo, ukiipitishia umeme mara mbili ya ilivyoandikwa bado inaweza kuvumilia sehemu ya sekunde au zaidi, na wewe unahitaji nusu tu. Ukiona inakatika ukifunga milango, usipandishe fyuzi, rudi kwenye chuma.

Ukitaka kwenda mbali zaidi weka kila mlango na kinga yake, ile ya PTC inayojirudisha. Inapopata joto upinzani wake unapanda na kubana umeme, ikipoa inarudi. Chagua ambayo chati yake ya muda inaonyesha kwamba kwa umeme inaovuta mota haitashtuka kwa nusu sekunde, ila koili ikikwama itabana baada ya sekunde kadhaa. Hii sasa ndo inalinda koili yenyewe.

Tukija kwenye swichi. Kwenye gari nyingi za zamani umeme wote wa milango unapita kwenye swichi ya mlangoni, ile ndogo ya kidole, ampea zote hizo. Kila ukibonyeza kuna cheche, shaba inaliwa, mwishowe inayeyukiana na kubaki imewaka, na hapo ndo unarudi kwenye zile wati 144. Dawa yake ni rilei mbili za pini 5, zile za kawaida za gari. Koili ya rilei inavuta kama ampea 0.15 tu kwa hiyo swichi inakuwa haina kazi nzito tena.

Kwa loki za kugeuza umeme kwenye gari la ethi hasi funga hivi. Tafuta zile waya mbili baada ya swichi zote na kabla hazijagawanyika kwenda milangoni, zikate. Upande wa swichi, waya wa kufunga uende pini 86 ya rilei ya kwanza, wa kufungua uende 86 ya rilei ya pili. Pini 85 za zote ethi. Pini 87 za zote zipate chanya kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, sio karibu na rilei, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukilinda. Pini 87a za zote ethi. Pini 30 ya kila rilei iende milangoni. Zikiwa zimepumzika waya zote mbili za mota ziko kwenye ethi kama kiwandani, ukibonyeza rilei moja inaruka na mota inazunguka, na hata swichi mbili zikibonyezwa kwa kupingana zote zinaruka, mota inapata chanya pande zote, haizunguki, hakuna shoti. Kwa zile solenoidi za koili mbili ni hivyo hivyo ila 87a unaziacha tupu. Swichi usiitupe, muonekano wa gari unabaki wa asili kabisa, rilei unazificha chini ya dashibodi.

Ila rilei pekee haijatibu swali la muda. Kati ya swichi na rilei weka moduli ya kutoa pigo moja, zile za sentro loki zinazotoa umeme kwa sekunde 0.5 hadi 0.8 alafu zinakata zenyewe hata kama swichi bado imebonyezwa. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwenye makala hii yote, nunua hiki. Hakikisha maelekezo yake yanasema inakata yenyewe, kuna za bei chee ambazo ni rilei tu ndani ya boksi.

Rilei nayo ina tabia yake, ukikata umeme koili inarudisha mruko wa volti ambao unaweza kufika mamia, na huo unatafuna swichi na kuua moduli. Weka daiodi ya 1N4007 sambamba na koili ya kila rilei, upande wenye mstari uangalie pini inayopata chanya, hapa ni 86. Ukigeuza, ukibonyeza tu daiodi inakuwa shoti. Rilei nyingine zina daiodi ndani tayari, angalia mchoro ubavuni. Kwenye mota yenyewe ya kugeuza umeme USIWEKE daiodi ya kawaida, maana chanya inakuja kutoka pande zote mbili, kwa hiyo upande mmoja lazima upige shoti. Hapo ukitaka kitu weka varista, au ile TVS ya pande mbili, vidude vinavyomeza mruko wa volti bila kujali umetoka upande gani.

Usisahau chanzo cha umeme. Washa gari, pandisha mzunguko kidogo, pima betri. Alteneta nzima iko kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikipita 15 regyuleta, ile inayodhibiti volti za alteneta, ina shida, na zile za zamani zenye pointi zinazogusana na kuachana zinahama zenyewe kwa uzee. Joto kwenye koili linapanda kwa volti mara volti, kwa hiyo volti 16 badala ya 12 ni karibu asilimia 78 ya joto zaidi. Na gari likigoma kuwaka usikubali kuwashiwa na lori la volti 24, ni joto mara nne. Ukipeleka bodi ikachomelewe, betri itoke kwanza na ethi ya mashine ibanwe karibu na wanapochoma.

Ethi nayo. Milango mingi inategemea bawaba zipitishe ethi, na bawaba zina grisi, rangi na kutu. Pitisha waya wa ethi wa peke yake kutoka mlangoni hadi kwenye bodi, kwaruza rangi mpaka bati ling'ae, kaza boliti, paka vaselini juu. Alafu pima volti zinazopotea: ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa chanya wa mota, mtu abonyeze. Ikisoma chini ya nusu volti uko vizuri, ikipita 1 kuna kiungo kibovu njiani, rudia upande wa ethi. Mita ya kawaida haiwahi kusoma nusu sekunde, tumia yenye kukumbuka kiwango cha juu.

Kabla ya kuweka fyuzi kwa mara ya kwanza, mahali pa fyuzi weka taa ya breki ya wati 21 kwa waya mbili. Kama kuna shoti taa inawaka sana lakini hakuna kinachoungua, kwa sababu taa haipitishi zaidi ya ampea 1.75 hivi. Sasa fungua na funga kila mlango taratibu, tikisa waya za kwenye kona, sogeza viti, kanyaga mazulia. Taa ikiwaka, mkono wako uko juu ya tatizo. Ukibonyeza loki taa itawaka na milango haitafunga, hiyo ni kawaida, kinachotafutwa ni iwake wakati hujabonyeza. Ikikaa kimya kwa yote hayo toa taa, weka fyuzi, teremsha kioo cha dereva chote, toa ufunguo uweke mfukoni, ndo ujaribu kufunga.